SUNGURA ANAYETAFUNA BENDEJI: TUSIMFUNGE MDOMO

Watu wengi vijijini wanafuga sungura. Sungura hula majani, hahitaji eneo kubwa, na jike huzaa siku kama 31 hivi baada ya kupandishwa. Lakini sungura naye hupata ajali. Mbwa humng'ata. Msumari wa banda humchana. Pengine huota jipu likapasuliwa.

Bwana mifugo akija humshona kidonda na kumfunga bendeji. Kesho yake ukifungua banda unakuta bendeji iko chini, vipande vipande, na kidonda ki wazi. Hapo ndipo wafugaji wengine humfunga sungura mdomo kwa kamba. Wengine hupaka pilipili juu ya bendeji. Mambo hayo ni hatari. Sungura anaweza kupona kidonda, lakini akafa kwa sababu ya matunzo mabaya. Leo tutaeleza la kufanya.

KWA NINI ANATAFUNA?

Sungura si mkaidi. Meno yake hukua maisha yake yote, na kutafuna ndiyo kazi yake. Lakini akiishambulia sana bendeji, mara nyingi kuna sababu. Wazee walisema, dalili ya mvua ni mawingu. Basi tutazame mawingu kwanza.

Je, bendeji inambana? Kama amefungwa mguuni, shika mguu huo chini ya bendeji, kisha shika mguu mwingine. Ukiona umevimba au ni wa baridi, mwite bwana mifugo siku hiyo hiyo. Damu haipiti.

Je, bendeji imelowa mkojo? Bendeji iliyolowa huwasha na kuozesha kidonda. Ni lazima ibadilishwe.

Je, kidonda kinanuka, kina usaha, au ni cha moto? Hiyo ni dalili kwamba kimeingia vijidudu.

Je, sungura ana nyasi za kutosha? Kama hana, atatafuna kilicho karibu, nacho ni bendeji.

ASIKOSE KULA HATA SIKU MOJA

Mtu au mbwa anaweza kushinda njaa siku nzima asife. Sungura si hivyo. Tumbo lake hutaka chakula kiingie kila mara. Chakula kikikoma, tumbo husimama, hujaa hewa, na sungura huweza kufa haraka. Akipitisha saa 12 bila kula au bila kutoa kinyesi, hiyo ni hatari kubwa. Sasa mnaona kwa nini hatumfungi mdomo.

Liko jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Sungura hutoa kinyesi cha aina mbili. Kimoja ni kigumu, vidonge vile tunavyoviona bandani. Kingine ni laini. Hiki hukichukua kwa mdomo moja kwa moja kutoka matakoni na kukimeza, hasa usiku. Huo si uchafu wala ugonjwa. Ndani yake mna vitamini anazozihitaji. Ukimvisha kola pana shingoni, kama ile wanayovishwa mbwa, hawezi kukifikia kinyesi hicho, na pengine hata kula anashindwa. Kola ivaliwe tu kama daktari wa mifugo ameagiza, na sungura aangaliwe kama anakula.

Tena, sungura hawezi kutapika. Akimeza nyuzi za bendeji, zinaweza kuziba utumbo. Kwa hiyo ukikuta bendeji imechanwa, okota vipande vyote. Ukiona kipande kinapungua, mwambie bwana mifugo.

TUFANYE NINI BASI?

1. Uliza kabla bwana mifugo hajaondoka. Je, kidonda hiki kinahitaji bendeji kweli? Vidonda vingi vikishonwa kwa nyuzi zinazofichwa chini ya ngozi huachwa wazi bila kufungwa. Pasipo bendeji hakuna bendeji ya kutafuna. Omba pia dawa ya maumivu inayofaa sungura. Maumivu yakipungua, hamu ya kutafuna hupungua, na hamu ya kula hurudi.

2. Weka banda safi na kavu. Badilisha nyasi za kulalia kila siku. Nzi hutaga mayai kwenye kidonda kilicholowa, na mayai yanaweza kuwa funza ndani ya siku moja. Kwa hiyo angalia kidonda asubuhi na jioni.

3. Upe mdomo kazi. Jaza nyasi kavu, ongeza majani mabichi aliyoyazoea, na maji safi yasikosekane.

4. Mtenge na wenzake. Wenzake wanaweza kumvuta nyuzi. Lakini awe karibu nao, waonane kupitia waya, asiwe mpweke.

5. Mvishe soksi. Hii husaidia kwa kidonda cha tumboni au mgongoni. Chukua soksi kubwa iliyofuliwa. Kata ncha ya vidole ili kichwa kipite, kisha toboa matundu ya miguu ya mbele. Soksi ifunike kidonda, lakini sehemu ya nyuma iwe wazi apate kukojoa na kufikia kile kinyesi laini. Isimbane, kidole chako kipite ndani kwa urahisi. Kaa naye umwangalie. Akianza kuitafuna soksi, ivue.

6. Mshike vizuri. Usimnyanyue kwa masikio. Mkono mmoja uwe chini ya kifua, wa pili ubebe matako. Akipiga teke hewani anaweza kuvunjika mgongo.

USIFANYE HAYA

Usipake pilipili, mafuta ya taa wala oili chafu ya gari. Vitu hivi huunguza ngozi, na sungura atavilamba.

Usimpe sungura vidonge vya watu vilivyobaki nyumbani. Dawa kama ampisilini na amoksilini zikipitia mdomoni huua vijidudu vizuri vinavyosaga chakula tumboni mwa sungura. Huharisha na kufa. Dawa iliyomponya mtoto wako inaweza kumuua sungura wako. Dawa yake na kipimo chake atakuambia bwana mifugo.

Nyuzi za juu ya ngozi nazo usizitoe mwenyewe. Kwa kawaida hutolewa baada ya siku 10 hadi 14.

MWITE BWANA MIFUGO UPESI UKIONA

– hali, au hatoi kinyesi;
– amejikunyata na kusaga meno;
– kidonda kimefumuka, kinanuka au kina funza;
– mguu umevimba chini ya bendeji.

Ndugu msomaji, sungura hana mdomo wa kusema. Bendeji aliyoichana ndiyo barua yake kwako. Isome kwanza, ndipo umfunge nyingine.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini ni hatari kumfunga sungura mdomo?
2. Kinyesi laini kina faida gani kwa sungura?
3. Mwenzako anataka kumpa sungura wake vidonge vya amoksilini alivyobakiza. Utamwambia nini?