Pangani, Mji wa Mlangoni pa Mto

Kilometa zipatazo 50 kusini ya Tanga, mto utokao Kilimanjaro na Meru huingia baharini. Ukingoni kwake, upande wa kaskazini, umekaa mji wa Pangani na boma lake la kale. Ng'ambo ni kijiji cha Bweni, na kwa miaka mingi wavukaji walitegemea pantoni na mitumbwi.

Mji huu ni mpole, ndugu msomaji, lakini si mnyonge. Hapa ndipo vita vya Abushiri bin Salim dhidi ya Wajerumani vilipoanza mwaka 1888, na hapa ndipo aliponyongwa Desemba 1889.

Adui wa leo ni maji. Kisiwa cha Maziwe, mbele ya kijiji cha Ushongo, zamani kilikuwa na miti. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 yote ilikuwa imekwisha, na sasa bahari ijaapo kisiwa chote huzama. Kasa hawakupata habari hiyo! Bado hupanda mchangani kutaga, na watu huyahamishia mayai yao ufukoni Ushongo yasizame. Mtoni nako, kwa kuwa maji mengi huchukuliwa huko juu kwa kilimo, chumvi hupanda hadi kwenye mashamba ya minazi.