Gobore la Kabongo: Moshi, Kutu na Chuma Chembamba

Wachongaji wa Kichokwe wa karne ya 19 walipomchonga Chibinda Ilunga, mwindaji wa ukoo wa kifalme wa Waluba ambaye masimulizi humfanya mume wa Lueji, malkia wa Walunda, baadhi yao walimshikisha bunduki ya gumegume. Kwa kalenda hilo haliendi. Mwindaji huyo huwekwa karibu na mwaka 1600, na wakati huo mtambo wa gumegume ulikuwa ndio kwanza unatafuta umbo lake huko Ufaransa. Lakini mchongaji hakuwa akiandika tarehe. Mwindaji mkubwa aliyemjua yeye alibeba bunduki, tena bunduki iliyopigiliwa misumari ya shaba kitakoni hadi ikameremeta. Angemnyimaje shujaa wake?

Nchi alikotoka shujaa huyo ndiyo Kabongo ya leo, mkoani Haut-Lomami katika Katanga ya zamani, nchini Congo, na ziwa Boya ambalo Waluba hulihesabu kuwa kitovu cha ufalme wao liko huko. Ni nchi ya chuma. Katika bonde la Upemba, kusini-mashariki mwa hapo, mwanaakiolojia Pierre de Maret alifukua huko Kamilamba kaburi la mtu wa mwishoni mwa milenia ya kwanza aliyezikwa na fuawe pamoja na shoka la fahari. Fuawe ni chombo cha mhunzi, shoka ni alama ya mkubwa, na vyote viwili vilikuwa kando ya mtu mmoja. Kwa hiyo anayeshangaa kwamba wahunzi wa Katanga wanaweza kukarabati bunduki, hata kuiunda, anashangaa jambo dogo. Cha kushangaza ni kwamba bunduki yenyewe bado ni ileile ya kushindilia mdomoni, gobore, wakati dunia iliachana nayo zaidi ya miaka 150 iliyopita.

Umaskini ni sehemu ya jibu, ila si jibu lote. Tarehe 2 Julai 1890 mataifa makubwa yalitia saini Mkataba wa Brussels. Kwa jina ulikuwa mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa, lakini ndani yake mlikuwa na vifungu vya silaha. Kati ya latitudo ya 20 kaskazini na ya 22 kusini, kuingiza bunduki zenye mifuo ndani ya mtutu na zile za kujazwa kwa nyuma kulipigwa marufuku, isipokuwa kwa serikali na watu wachache wenye ruhusa. Kilichoachwa kiuzwe kwa Waafrika ni bunduki ya gumegume yenye mtutu laini, na baruti ya kawaida. Viwanda vya Liège nchini Ubelgiji vilikuwa vikitengeneza bunduki hizo za biashara kwa wingi. Mwaka uliofuata, tarehe 20 Desemba 1891, Msiri, mfalme wa Garenganze aliyetoka Usumbwa na kujenga nguvu zake kwa shaba, pembe na baruti, alipigwa risasi na kuuawa karibu na Bunkeya na ofisa wa msafara wa Stairs, uliotumwa kuitwaa Katanga. Tangu hapo mwenye bunduki ya kisasa alikuwa askari wa serikali, na mwanakijiji akabaki na gobore. Mimi nasema ni sheria, kuliko mapenzi ya mambo ya kale, iliyoligandisha gobore katika umbo lake.

Mwenye gobore, awe wa Kabongo, wa Kigoma au wa Tabora, ana kazi ambayo mwenye bunduki ya kisasa haijui sana: kulisafisha siku hiyohiyo lilipopigwa. Sababu iko katika baruti. Baruti nyeusi ni shura, mkaa na kiberiti. Ikiungua, chini ya nusu ya uzito wake ndiyo inayogeuka gesi na kuisukuma risasi. Zaidi ya nusu hubaki kuwa vitu vigumu, hasa chumvi za potasiamu, na sehemu yake ndiyo lile wingu jeupe linalomficha mwindaji na windo lake kwa pamoja. Nyingine hunata ndani ya mtutu. Ile harufu ya yai viza ni gesi ya salfa.

Masizi hayo hayali chuma yakiwa makavu. Ila yana uroho wa maji. Huvuta unyevu kutoka hewani, na katika majira ya mvua ya Haut-Lomami, yanayoanza karibu na Oktoba, unyevu haukosekani. Yakilowa yanakuwa maji ya chumvi yaliyobandikwa juu ya chuma, na maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri. Kutu ni kazi ya umeme mdogo: sehemu moja ya chuma hupoteza elektroni, sehemu ya jirani huzipokea pamoja na oksijeni, na kati yao chuma huliwa. Fataki za zamani zilizotumia kloreti ya potasiamu huongeza ubaya, kwa kuwa zikilipuka huacha kloridi, ndugu wa chumvi ya mezani.

Ndiyo maana kuchukua kitambaa chenye mafuta na kukipitisha mtutuni ni kujidanganya. Mafuta hayayeyushi chumvi. Yanaifunika tu, na chini ya ule mng'ao kutu huendelea na shughuli zake. Kinachoyeyusha chumvi ni maji, tena maji ya moto, kwa sababu yanayeyusha upesi na yanauachia mtutu joto la kujikausha wenyewe. Mafuta huja mwisho, juu ya chuma kikavu. Mawese hufaa kwa siku chache, lakini kwa miezi ya kuhifadhi si chaguo zuri: yakichacha huzaa asidi, na usiku wa baridi wa Juni na Julai kwenye nyanda za Kamina huganda na kuuziba mtambo. Kwa kuhifadhi, mafuta ya mashine ni bora. Jambo la kuchekesha ni kwamba wapenzi wa bunduki za kale huko Ulaya na Marekani, wenye maduka yamejaa mafuta ya kila aina, siku ya kupiga hurudi kwenye mafuta ya wanyama na ya mimea, kwani hulainisha masizi wakati mafuta ya petroli huyageuza kama lami.

Kabla ya hayo yote kuna mdeki, ule ufito wa kushindilia. Gobore halina mlango wa kufungua uone kama lina kitu ndani. Mwenye akili hutia alama mbili kwenye mdeki wake, moja ya mtutu mtupu na moja ya mtutu uliojazwa, akautumbukiza ajue. Sijui ulinzi mwingine wa bei rahisi kuliko huo.

Ajali mbaya kuliko zote ni kupasuka kwa mtutu, na hapa hesabu yake ni fupi. Gesi ndani ya bomba hulisukuma kwenda nje pande zote, na mkazo katika ukuta wa bomba ni shinikizo mara nusu kipenyo, ukigawa kwa unene wa ukuta. Ukipunguza unene kwa nusu, mkazo unakuwa maradufu. Ukitanua tundu na kuacha ukuta vilevile, unaongezeka pia. Bomba la maji la dukani, ambalo baadhi ya mafundi hulifanya mtutu, limeundwa kwa shinikizo la bar kumi na kitu. Baruti nyeusi hufikia mamia ya bar kwa sehemu ndogo ya sekunde. Mabomba mengi yana mshono wa kulehemu kutoka mwanzo hadi mwisho, na mkazo mkubwa kuliko wote unaelekea kuufungua mshono huohuo. Bomba linaweza kustahimili mara ya kwanza, na ya ishirini, huku ufa usioonekana ukikua kidogo kila mara. Kustahimili jana si ushahidi wa kesho.

Kinachowaponza wengi ni kubadilisha baruti. Unga uliotolewa kwenye risasi za kivita si baruti kali zaidi ya aina ileile. Ni kitu kingine kabisa. Msingi wake ni nitroselulosi, na kadiri unavyobanwa ndivyo unavyoungua kwa kasi, hata shinikizo lipande mara kadhaa kuliko la baruti nyeusi. Hakuna gobore linalopaswa kuonja unga huo, hata lile la Liège. Tope mdomoni mwa mtutu, au risasi iliyokwama kabla ya kufika kwenye baruti, huleta balaa kwa njia hiyohiyo ya shinikizo. Liège walikuwa na nyumba ya kujaribia mitutu tangu karne ya 17: mtutu ulipigwa kwa baruti nyingi kuliko kawaida, watu wakiwa wamejikinga, na uliofaulu ukagongwa muhuri. Gobore la bomba halina muhuri. Anayelijaribu ni mwenye shavu lililoegemea kitako.

Kwa nini basi gobore halilengi sawasawa? Swali hilo lilijibiwa na Mwingereza Benjamin Robins, aliyechapisha kitabu chake cha mizinga na bunduki mwaka 1742. Risasi ya duara ndani ya mtutu laini huugongagonga ukuta na kutoka ikizunguka upande wowote ule, na mzunguko huo huipindisha hewani kama mpira wa kona. Kuthibitisha, Robins alikunja mtutu kidogo kuelekea kushoto. Risasi ilianza kwenda kushoto, kisha ikapinda kwenda kulia, kwa kuwa ilitoka imesugua ukuta wa kulia. Mifuo ya bunduki ya kisasa huizungusha risasi kwa mhimili wa safari yake na kuondoa utata huo. Mwindaji wa gobore analijua jambo hilo kwa miguu yake: hunyemelea hadi akaribie sana, au harudi na nyama.

Tugeukie urembo, sehemu ninayoipenda. Shoka lile la kaburini Kamilamba lilikuwa na mpini uliopambwa kwa misumari. Wayeke wa Msiri walikuwa mafundi wa kuvuta nyaya nyembamba za shaba. Kupamba kitako kwa misumari na kukizungushia waya, basi, ni kuendeleza mkono wa zamani juu ya chombo kigeni. Mbao nazo zina elimu yake. Mninga unaoota katika miombo ya Katanga husifiwa na maseremala kwa kutonywea wala kuvimba sana majira yakibadilika, sifa hasa inayotakiwa na kitako kinachokumbatia chuma. Panapovunjika ni pale pembamba pa kushikia, nyuzi za mbao zikikatiza badala ya kwenda na urefu. Mafundi hupafunga kwa ngozi mbichi iliyolowa. Ikikauka hunywea na kubana kuliko kamba yoyote. Shaba ina masharti yake: msumari wa shaba ukae ndani ya mbao. Waya wa shaba uliozungushwa juu ya mtutu wenyewe, ukipata unyevu, hufanya betri ndogo, na katika betri hiyo chuma ndicho kinacholiwa ili shaba isalimike.

Hatari nyingine haina mlio. Madini ya risasi huyeyuka kwa nyuzi 327 tu, moto wa jikoni unatosha, na kwa hiyo betri kuukuu za magari huishia kwenye sufuria ili kutengenezea risasi za gobore. Vumbi na moshi wake huingia katika damu na ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliishi jirani na kiwanda cha kuyeyusha risasi za betri. Mwaka 2020 mahakama iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na kesi ikaendelea kwa rufaa miaka kadhaa. Sufuria ya uani ni kiwanda kidogo cha aina hiyo, bila mahakama.

Siwezi kuandika haya kana kwamba Haut-Lomami ni uwanja wa michezo. Kaskazini mwa Katanga kulichanwa na vita vya wanamgambo wa Mai-Mai, na katikati ya miaka ya 2000 shirika la PAREC la mchungaji Daniel Ngoy Mulunda lilikusanya silaha kwa kuwapa watu baiskeli. Hifadhi ya Upemba, iliyoanzishwa mwaka 1939, imepoteza wanyama wengi kwa mitutu ya kila aina. Sheria ya Congo ya tarehe 3 Septemba 1985 inadai kibali kwa silaha na risasi zake, na sheria ya uwindaji ya tarehe 28 Mei 1982 ina masharti yake mengine. Maoni yangu ni kwamba mhunzi aliyeorodheshwa na kufundishwa kukataa bomba la maji atapunguza maiti kuliko mhunzi anayefukuzwa hadi porini, akafanye kazi gizani.

Na wewe mwenye gobore la babu juu ya dari, usilijaze ili kujua kama bado linafanya kazi. Pima kwanza kwa mdeki. Ukikuta kuna kitu ndani, liache kama lilivyo, usilielekeze kwa mtu, na umwite fundi mwenye kibali. Likiwa tupu, lioshe kwa maji ya moto, likaushe, lipake mafuta, kisha uende ofisi ya serikali ukaliandikishe.