Waranti ya Laptopu: Mambo ya Kuzingatia Kabla na Baada ya Kununua



Katika toleo hili tunaeleza jambo linalogusa sadaka za washarika na fedha za wafadhili kwa pamoja: laptopu inayoharibika ikiwa bado ndani ya waranti, na ubishi unaofuata kati ya mnunuzi na muuzaji. Siku hizi hesabu za usharika, orodha za watoto wanaosomeshwa na taarifa za miradi zimo ndani ya mashine hizi. Mashine moja ikifa, mtunza hazina anakwama na taarifa ya mfadhili inachelewa.

Waranti ni nini?

Waranti ni ahadi kwamba kifaa kikionyesha kasoro ya kiwandani ndani ya muda uliotajwa, kitatengenezwa au kubadilishwa bila malipo. Haihusu kioo kilichopasuka kwa kuanguka, maji yaliyomwagika kwenye kibodi, wala bodi iliyoungua kwa umeme. Kwa kawaida haihusu pia kumbukumbu zilizomo ndani. Hapo ndipo ubishi unapozaliwa: mnunuzi anasema ni kasoro ya kiwanda, muuzaji anasema ni matumizi mabaya.

Ziko ahadi za aina mbili. Ya mtengenezaji huenda na namba ya utambulisho iliyobandikwa kwenye mashine. Ya duka hutolewa na muuzaji mwenyewe na huishia dukani kwake. Laptopu ya mtumba mara nyingi huwa na ile ya duka tu, pengine ya mwezi mmoja au mitatu.

Sisi wa mpakani tuna swali la ziada. Ni rahisi kuvuka kwenda Nakonde kununua, lakini waranti nyingine hufanya kazi tu katika nchi au kanda ambako mashine iliuzwa. Bei ikiwa nafuu ng'ambo, ulizeni kwanza: ikiharibika, itatengenezewa wapi, na nani atalipia usafiri? Kutoka Tunduma hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 900.

Kwa nini zinaharibika?

Adui wa kwanza ni joto. Vumbi la kiangazi huziba feni, na mashine inayowekwa juu ya kitambaa au kitanda haipumui. Adui wa pili ni umeme unaokatika na kurudi kwa nguvu. Wa tatu ni mtikisiko: diski ya kuzunguka inaweza kuharibika mashine ikibebwa kwenye pikipiki bila kuzimwa.

Lakini si kila kosa ni la mtumiaji. Mwaka 2006 kampuni ya Dell iliita zirudishwe betri zipatazo milioni 4.1 zilizotengenezwa na Sony, kwa sababu zilikuwa na hatari ya kupata joto kupita kiasi na kuwaka moto. Mwaka 2008 kampuni ya Nvidia ilitangaza kutenga dola za Marekani kati ya milioni 150 na 200 kwa ajili ya kasoro katika baadhi ya chipu zake za picha za laptopu. Viungio vya ndani vilidhoofika kwa kupata joto na kupoa mara kwa mara, na kioo kikawa cheusi. Watengenezaji kadhaa wa laptopu waliongeza muda wa waranti kwa mashine zilizohusika. Basi, kioo kikizimika, msikubali haraka kwamba mmeharibu ninyi.

Mfano kutoka kwetu

Katika usharika wetu mmoja, laptopu ya mradi wa watoto ilizimika mwezi wa nane tangu kununuliwa. Muuzaji alisema, "Ni umeme wenu." Kamati haikugombana naye. Ilitoa risiti na kadi ya waranti, ikaonyesha kwamba chaja ilikuwa bado inafanya kazi, kisha ikaomba maelezo ya fundi kwa maandishi. Chaja nzima si ushahidi kamili, lakini hupunguza nguvu ya hoja ya umeme. Fundi alipofungua hakukuta alama ya kuungua, na bodi kuu ikabadilishwa bila malipo. Hata hivyo ilichukua wiki tisa, na kwa kuwa diski ilisafiri pamoja na mashine, orodha ya watoto iliandikwa upya kwa mkono. Haki ilipatikana, lakini kazi ilichelewa.

Sheria inasemaje?

Risiti nyingi zimeandikwa "Mali ikishauzwa hairudishwi." Maneno hayo hayafuti haki ambazo sheria imempa mnunuzi. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inamlinda mlaji dhidi ya maelezo ya uongo, na inataka bidhaa iwe na ubora unaostahili. Chombo kinachoisimamia ni Tume ya Ushindani (FCC), na mlaji anaweza kupeleka malalamiko huko.

Tunashauri kamati zifanye yafuatayo:

1. Kabla ya kulipa, andikeni majibu ya maswali haya: waranti ni ya nani, ya muda gani, na huduma inatolewa wapi?
2. Daini risiti ya EFD yenye jina la usharika. Karatasi yake hufifia, hivyo itoeni nakala siku hiyo hiyo. Namba ya mashine iandikwe kwenye daftari la mali.
3. Tumieni kifaa cha kudhibiti umeme. Umeme ukikatika, chomoeni chaja.
4. Nakili kumbukumbu kila wiki kwenye flashi au diski ya nje, itunzwe mahali pengine.
5. Ikiharibika, msimpe fundi wa mtaani aifungue kwanza. Stika ikikatwa, muuzaji amepata sababu ya kukataa.
6. Pelekeni dai kwa barua yenye tarehe, na mnapoikabidhi mashine, pokeeni hati inayotaja hali yake na vilivyomo.
7. Mkikataliwa, ombeni sababu kwa maandishi. Barua hiyo ndiyo mtakayoanzia nayo FCC au mahakamani.

Kwa marafiki wanaotuchangia tunaomba jambo moja: bajeti ya laptopu iwe na nafasi ya kifaa cha umeme, diski ya nje na usafiri wa matengenezo. Mashine ya bei ya chini isiyo na pa kutengenezewa huweza kuugharimu mradi zaidi.

Kutunza risiti ni sehemu ya uwakili, sawa na kuhesabu sadaka. Kamati zenye laptopu za mradi tunaziomba zikague kadi zao mwezi huu, kabla muda haujakwisha.