Hesabu ya Siku za Hedhi na Hukumu ya Homoni

Katika mambo ambayo watu wengi huyashika kwa yakini ilhali msingi wake ni dhaifu, mojawapo ni ile kauli kwamba yai la mwanamke hupevuka siku ya 14 tangu kuanza kwa hedhi, na kwamba mwenye kuijua siku hiyo amekwisha kuzijua siku zake za hatari. Kwa mwenye mzunguko wa siku 28, usiozidi wala kupungua, kauli hii hukaribia kweli. Ama kwa wengine, nao ni wengi mno, huwapoteza, na sababu yake hudhihirika mtu akizingatia jinsi homoni zinavyopokezana kazi mwilini.

Tuanze na viungo vyenyewe. Mji wa mimba ni kiungo cha misuli minene, chenye urefu wa takriban sentimita 7 na nusu kwa mwanamke asiyepata kuzaa, na kutoka pembe zake mbili za juu huchomoza mirija miwili, kila mmoja wa sentimita 10 au zaidi kidogo, ambayo ncha zake zenye matamvua laini huzielekea ovari mbili zilizo ubavuni. Mtoto wa kike huzaliwa na mayai machanga yapata milioni 1 hadi 2 ndani ya ovari hizo, na aghalabu hufifia na kutoweka, hata afikapo kubalehe yakawa yamesalia laki tatu au nne hivi; na katika umri wake wote wa kuzaa hupevuka mia nne au mia tano tu.

Walakini ovari hazijiamulii zenyewe. Chini ya ubongo ipo sehemu iitwayo haipothalamasi, na chini yake imening'inia tezi ya pituitari, yenye uzito wa nusu gramu hivi. Haipothalamasi hutoa homoni yake kwa vipindi, na kwa amri hiyo pituitari humwaga katika damu homoni mbili ambazo matabibu huziita FSH na LH. FSH huviamsha vifuko kadhaa vya mayai vikaanza kukua pamoja, kisha kimoja hutangulia na vingine hunyauka. Na hicho kilichotangulia hutoa estrojeni, ambayo huunenepesha utando wa ndani wa mji wa mimba na wakati huohuo huizuia pituitari isipite kiasi. Hapa pana shani inayostahili kutazamwa kwa utulivu, kwani estrojeni ikipanda sana na kudumu juu kwa siku mbili hivi, athari yake hupinduka, na ile iliyokuwa ikizuia huwa ndiyo inayohimiza: pituitari humimina LH kwa wingi wa ghafula, na baada ya yapata saa 36 kifuko hupasuka, yai likatoka, upana wake sehemu moja ya kumi ya milimita, likapokewa na mrija.

Kifuko kilichopasuka hakiishi kazi. Hugeuka kuwa tezi ndogo ya rangi ya manjano, itoayo projesteroni, homoni inayoutuliza na kuulisha utando ule ili uwe tayari kupokea mimba, na kupandisha joto la mwili kwa kadiri ya nusu digrii hivi. Umri wa tezi hiyo una mpaka, nao ni siku 14 hivi, aghalabu baina ya 12 na 16. Mimba isipotunga, hunywea, projesteroni hushuka, na utando hubomoka ukatoka kuwa hedhi; mimba ikitunga, kiinitete chenyewe hutoa homoni ya hCG, ile ipimwayo katika mkojo, nayo huihifadhi tezi hiyo hadi kondo la nyuma liwe na nguvu ya kushika kazi.

Basi kiini cha mas'ala ndicho hiki: nusu ya pili ya mzunguko ina muda wake wa kawaida, ilhali nusu ya kwanza hurefuka na kufupika, kwa maradhi, huzuni, njaa au kunyonyesha. Kwa hiyo mwenye mzunguko wa siku 35 yai lake hutoka karibu na siku ya 21, na mwenye siku 24 karibu na ya 10. Tabibu Kyusaku Ogino wa Japani aliyabainisha haya mwaka 1924, alipoonyesha kwamba hesabu iliyo sahihi huanzia hedhi ijayo na kurudi nyuma. Lakini hedhi ijayo haijafika, na tarehe yake haina dhamana. Ndiyo maana anayetegemea kalenda peke yake kuzuia mimba yuko katika hatari, hasa kwa kuwa manii huweza kuishi siku 5 ndani ya mwanamke, ijapokuwa yai lenyewe halidumu zaidi ya siku moja. Ute wa uzazi unaokuwa mwororo, mwangavu na wenye kuvutika ni dalili ya karibu zaidi kuliko tarehe.

Wala mume asijione yu nje ya hukumu hii. FSH na LH zizo hizo hutawala korodani zake, moja ikisaidia utengenezaji wa manii, ambao huchukua zaidi ya miezi miwili, na nyingine ikiamuru testosteroni. Kwa hivyo, mtoto akichelewa, ni dhuluma kumlaumu mke na kumhangaisha peke yake kwa dawa na maneno ya jamaa. Wenye kukaa mwaka mzima bila kinga na bila mimba, au miezi 6 ikiwa mke amepita umri wa miaka 35, waende kwa tabibu wote wawili, na wote wawili wapimwe.