Mlima Meru: volkano changa juu ya mizizi ya milima ya kale

Mlima Meru una urefu wa mita 4,566 na ni wa pili kwa urefu Tanzania baada ya Kilimanjaro. Kwa hesabu za wanajiolojia, huu ni mlima mchanga. Umesimama juu ya mabaki ya safu nyingine ya milima, ya kale mno, ambayo vilele vyake vililika vikaisha na kuacha mizizi tu ardhini. Rutuba ya mashamba ya Arusha, maji yake, vito vyake na hata rangi ya meno ya wakazi wake vimetokana na miamba ya mlima huu na ya safu hiyo ya kale.

Safu ya kale

Kati ya miaka milioni 650 na 550 iliyopita, vipande vikubwa vya gamba la dunia viligongana na kuungana kuwa bara moja kubwa, Gondwana. Pale vilipokutana, ardhi ilijikunja na kuinuka ikawa milima. Mabaki ya milima hiyo huitwa Ukanda wa Msumbiji, na yanaenea toka kaskazini mashariki mwa Afrika, kupitia Kenya na Tanzania, hadi Msumbiji.

Wakati milima ikiinuka juu, tope, mchanga na chokaa vilivyokuwa vimetuama hapo awali vilizamishwa makumi ya kilomita chini. Huko, joto na mgandamizo viliviumba upya bila kuviyeyusha kabisa. Tope na mchanga vikawa naisi, chokaa ikawa marumaru, na masalia ya viumbe yaliyokuwamo kwenye tope yakawa madini ya kinywe. Ndiyo maana miamba hii huitwa miamba geu. Kipande cha naisi kinatambulika kwa macho tu: kina mistari myeupe na myeusi inayopishana, mara nyingine imepinda, na ndani yake humeta chembe za ulanga.

Mvua na upepo vilifanya kazi kwa mamia ya mamilioni ya miaka hadi miamba iliyokuwa chini sana ikafika juu. Leo inaonekana katika milima ya Longido, katika tambarare za Simanjiro, na katika milima ya Pare na Usambara, ambayo iliinuliwa tena baadaye pale ardhi ilipopasuka. Vito navyo vimo humo. Huko Mundarara, Longido, rubi nyekundu hupatikana ndani ya jiwe la kijani la zoisaiti. Huko Mererani, kusini mashariki mwa Arusha, tanzanaiti iligunduliwa mwaka 1967. Nayo ni zoisaiti, ila imepata rangi ya buluu kutokana na madini ya vanadi. Umri wake unakadiriwa kuwa miaka milioni 585 hivi, na wachimbaji huifuata ndani ya miamba yenye kinywe.

Moto wa Bonde la Ufa

Baada ya kimya kirefu, Afrika Mashariki ilianza kupasuka. Katika Bonde la Ufa gamba la dunia linavutwa pande mbili, linakuwa jembamba, na mwamba ulioyeyuka hupata njia ya kupanda juu kupitia nyufa. Ngorongoro, Kilimanjaro, Meru na Oldoinyo Lengai zilizaliwa hivyo. Sehemu kubwa ya koni ya Meru inayoonekana leo ilijengwa ndani ya miaka 200,000 hivi iliyopita, kwa matabaka ya lava na majivu yaliyorundikana kwa zamu.

Lava ya Meru ina sodiamu na potasiamu nyingi lakini kalsiamu kidogo. Moja ya mawe yake ni fonolaiti, jiwe la kijivu lililokolea, na bapa lake jembamba likigongwa kwa nyundo hulia kama chuma. Kwenye uso uliovunjika huonekana fuwele zilizonyooka, zinazong'aa zikigeuziwa jua.

Umbo la mlima lina historia yake. Takriban miaka 8,000 hadi 9,000 iliyopita, ubavu wa mashariki uliporomoka. Mawe, majivu na matope vilimwagika kuelekea tambarare zilizo kati ya Meru na Kilimanjaro. Vilipotulia viliacha vilima vidogo vingi na mabonde kati yake, na katika baadhi ya mabonde hayo yalijikusanya maji ya maziwa ya Momella. Kileleni palibaki ukuta wa nusu duara, ambao kwa upande wa ndani una kimo cha mita 1,500 hivi. Wapandaji wanaoelekea Kilele cha Ujamaa huuona vizuri: mistari ya lava na majivu imepangana juu hadi chini, na katikati ya shimo imeota koni changa ya majivu. Mlipuko wa mwisho, uliokuwa mdogo, ulitokea mwaka 1910, wakati Boma la Wajerumani mjini Arusha lilikuwa limekwisha kujengwa. Kwa hiyo Meru ni volkano iliyolala, haijafa.

Udongo na maji

Majivu ya volkano huoza haraka na kuachia madini yanayolisha mimea. Ndiyo sababu migomba na kahawa ya Wameru na Waarusha imestawi mitelemkoni kwa vizazi. Mvua inayonyesha juu huzama katika matabaka yenye matundu na kutokea chini kama chemchemi.

Lakini miamba iyo hiyo ina floraidi nyingi. Kwa kawaida kalsiamu huishika floraidi isiende na maji. Kwa kuwa kalsiamu ya Meru ni haba, floraidi hubaki majini, na kadiri maji yanavyokaa ardhini ndivyo inavyozidi. Kwa hiyo chemchemi za juu mara nyingi huwa na nafuu kuliko visima vya tambarare, na maziwa ya Momella yana kiasi kikubwa mno. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita. Kiasi kikipita hapo kwa miaka ya utotoni, meno huota madoa ya kahawia. Kikizidi sana, mifupa hupinda. Magadi yanayotiwa kwenye chakula huongeza mzigo huo.

Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, kilicho chini ya wizara yenye dhamana ya maji, kimeendeleza njia ya kuchuja floraidi kwa makaa ya mifupa ya ng'ombe. Kuchemsha maji hakuiondoi, na macho wala ulimi haviwezi kuitambua. Kila anayechimba kisima kuzunguka Meru ayapeleke maji yake maabara kabla mtoto hajayanywa.