Mita Hamsini za Mwisho

Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982, na leo huendesha mitambo inayozalisha umeme mjini Mtwara. Mtu angedhani Msimbati, palipo na visima vyenyewe, friji haina sababu ya kuunguruma saa mbili usiku ikashindwa kuwaka. Lakini ukaribu wa kisima hausaidii kitu ikiwa waya wa nyumbani ni mwembamba.

Kila mita ya waya hula kiasi cha volti. Chukua mwenye nyumba aliyevuta waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5 kutoka mita ya LUKU hadi banda la uani, mita 50. Akitumia ampea 10, volti 14 na nusu hupotea njiani: 230 zikitoka, banda hupata kama 215. Angenunua waya wa 2.5, zingepotea 9 tu. Nyumba iliyo mwisho wa laini huenda hata hizo 230 haizipati jioni, watu wote wanapopika na kupiga pasi. Mota ya friji au pampu huvuta ampea nyingi zaidi inapoanza kuzunguka, na ndipo umeme mdogo huiunguza.

Hilo huonekana kwa macho. Ethi mbovu haionekani.

Waya wa moto ukigusa bati la friji, umeme hutafuta njia ya kurudi kwenye transfoma: hupita waya wa ethi, rodi, kisha udongo. Pwani hii ni mchanga na mawe ya matumbawe, na mchanga mkavu hupitisha umeme kwa shida. Tuseme njia nzima ina omu 50. Volti 230 zitasukuma ampea 4.6 pekee, sawa na pasi ndogo. Sakiti breka ya ampea 32 haitashtuka. Bati litabaki na umeme likisubiri mkono wa mtoto.

Hapo ndipo swichi ya RCD ya miliampea 30 inapostahili bei yake. Hulinganisha umeme unaotoka na unaorudi, na ukipungua kiasi hicho, hukata mara moja, hata ethi ikiwa ya omu 50. Ina kitufe cha majaribio, ambacho wengi hawajawahi kukibonyeza.

Rodi nayo ipigiliwe hadi kwenye unyevu, na kibano chake kikaguliwe, maana hewa ya chumvi hukila. Fundi mwenye leseni ya EWURA aipime Oktoba, kabla ya mvua. Vipimo vya Machi, ardhi ikiwa imelowa, huipendelea mno.