Muvi zenye DJ sio za wasiosoma

Kuna wajuaji hapa Sumbawanga wanasema muvi zilizotafsiriwa ni za watu wasiosoma. Mimi nakataa.

DJ anapunguza sauti ya muvi, anashika maiki, anasimulia kwa Kiswahili, mpaka mawazo ya staringi anakupa. Enzi za kanda za VHS, Dar alitamba Lufufu, yaani Derek Mukandala. Wakenya wana DJ Afro, na Uganda kuna VJ Jingo anayepiga Kiganda.

Sio neno kwa neno, jamani. Baba wa bibi harusi wa Kihindi akilia kuhusu mahari, DJ anakufafanulia kwamba kule upande wa binti ndio unaotoa mali. Bila hivyo Mfipa aliyezoea kutoa ng'ombe ataelewaje? Mtu katoka zake Laela kuuza mahindi, kaingia kibanda umiza, muvi ya Kichina, maandishi ya chini Kiingereza tena yanapita mbio. Ataambulia ngumi tu!

Ubaya upo. Mwenye muvi haombwi ruhusa wala halipwi, na DJ akikudanganya hujui. Halafu anaongea juu ya nyimbo za Kihindi! Hapo ndipo huwa namtukana kimoyomoyo.